Kihara Alivyomsingizia Abdirahman

Kihara alikuwa na kinu cha kusaga mahindi kando ya barabara pale Mukurweini, na kanisani alikuwa mzee wa kanisa. Watu walimwamini. Kitinda mimba wake, Mwai, alimaliza shule akakaa nyumbani bila kazi, mpaka akaajiriwa Nanyuki na mfanyabiashara wa mbuzi aitwaye Abdirahman.

Mwaka uliofuata Mwai alirudi nyumbani akasema amesilimu. Hakusema kwa ubishi. Alikuwa jikoni akimenya viazi na mama yake, Kagure. Kihara alimtoa nje na nguo zake mbele ya watu wa kanisa waliokuwa wamekuja kwa maombi.

"Usirudi hapa mpaka uwe mtoto wangu," alimwambia.

Mwai akarudi kazini Nanyuki. Baada ya miezi michache Abdirahman alikuja mwenyewe kutoka huko, pamoja na mkewe Kaltun. Kihara aliwasimamisha langoni.

"Mzee, niko na neno juu ya Mwai," Abdirahman alisema. "Ameacha kuswali na sisi. Anasema sisi ni Waislamu wa uongo. Kuna watu anaongea nao kwa simu. Wanamtumia video za vita, wanamwambia wao ndio ndugu zake sasa. Imamu amemkanya, na mimi nimemkanya. Labda akiitwa na babake atasikia."

"Wewe ndiye uliniibia mtoto," Kihara alisema. "Sasa unataka nini tena?"

Kaltun akasema polepole, "Baba Mwai, kijana anajiona hana kwao. Hapo ndipo wanamshikia."

Kihara akafunga lango. Kagure, aliyekuwa akikamua ng'ombe na kusikia yote, alimsihi ampigie mtoto simu tu. Hakupiga.

Mwezi uo huo Mwai akapotea, ikasemekana amewafuata wale wa kwenye simu. Kihara alienda polisi, na alipoulizwa ni nani aliyempotosha kijana, akamtaja Abdirahman. Akasema alimsikia kwa masikio yake akimhubiria Mwai habari za vita. Hakuwa amesikia kitu kama hicho. Lakini ilikuwa rahisi kuliko kusema: nilionywa, nikafunga lango.

Abdirahman alikamatwa sokoni, akiwa ameshika kamba ya mbuzi wa mteja. Alizuiliwa kwa wiki kadhaa, kisha akaachiliwa kwa kukosa ushahidi. Wakati huo wote Kihara aliwaambia watu Mwai yuko Qatar kikazi. Jumapili moja mchungaji aliwaombea vijana walio ng'ambo, akamtaja Mwai kwa jina, na kanisa zima likaitikia amina. Kihara naye akaitikia. Kagure alinyanyuka akaenda kuketi benchi la nyuma, na tangu siku hiyo hakuketi tena karibu na mumewe.

Mwai hakuvuka mpaka kwenda vitani. Wale waliomwahidi undugu walimnyang'anya simu na kitambulisho, wakampiga mwenzake aliyetaka kurudi, na Mwai alipoona hayo akatoroka. Alipofika Garissa aliomba simu ya mtu dukani. Namba aliyopiga haikuwa ya babake. Alimpigia Abdirahman.

Abdirahman, mtu aliyetoka seli juzi tu, alisafiri akamfuata, akatafuta wakili, wakampeleka ajisalimishe kwa polisi. Kisha akampigia Kihara. "Kijana yuko hai, mzee. Njooni mumwone."

Kituoni Mwai alimkumbatia mama yake kwa muda mrefu. Babake alimpa mkono.

"Baba," alisema, "polisi wananiuliza kama Abdirahman ndiye alinipeleka. Nawaambia huyu ndiye alinikataza. Ni nani aliwaambia hivyo?"

Kihara aliangalia viatu vyake. Abdirahman, aliyesimama mlangoni, aligeuza uso akatazama nje, na hapo Kihara akafahamu kwamba mtu huyu alikuwa anajua siku zote. Alitamani ardhi ipasuke.

"Ni mimi," alisema.



Alirudi kwa polisi akafuta maneno yake. Afisa alimkaripia, akamwambia kusingizia mtu ni kosa la kupelekwa kortini. Kihara alisema anajua. Kisha akaenda kwa Abdirahman kuomba msamaha, na Kaltun akamletea chai.

"Nimekusamehe," Abdirahman alisema. "Lakini sokoni hawajakusikia ukiniomba msamaha. Walisikia tu nikiitwa gaidi."

Siku ya soko Kihara alienda Nanyuki peke yake. Mwai wakati huo alikuwa na kesi mahakamani, na kila wiki alikutana na mshauri. Kanisani Kihara alikuwa ameshasema ukweli kuhusu Qatar, na baadhi ya wateja walikuwa wamehamia kinu kingine. Alidhani amezoea aibu. Kumbe hajaizoea. Alipita kwa wanunuzi mmoja mmoja katikati ya mbuzi, kofia mkononi, akirudia maneno yale yale: Abdirahman hakumpeleka mtoto wangu popote, mimi ndiye nilimsingizia.

Wengine walimsikiliza. Mmoja alicheka. Mama mmoja, aliyekuwa akikagua meno ya beberu, alimwuliza bila kuinua kichwa, "Na wewe ulipomsingizia ulikuwa unataka nini?"

Kihara akaenda kwa mtu aliyefuata, akaanza tena: Abdirahman hakumpeleka mtoto wangu popote.