Ng'ombe Wanne wa Mjane

Nilikuwa nafundisha baiolojia sekondari, karibu na Rwamgasa, nikiishi kwa kaka yangu. Yeye alikuwa na matenki ya kuchenjulia marudio, yaani mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu mara ya kwanza. Aliuloweka kwa sumu ya sianidi ili uteme dhahabu iliyobaki. Ukuta wa bwawa la maji machafu ya matenki hayo ulikuwa umebomoka upande mmoja. Nilimwambia mara mbili. Alisema ataziba.

Jirani yetu alikuwa mjane wa Kisukuma, mwenye ng'ombe wanne. Asubuhi moja nilikuwa nawaeleza kidato cha tatu jinsi jani linavyonasa nguvu ya jua na kuihifadhi kwenye sukari, na jinsi seli za mnyama aliyekula jani hilo zinavyoivunja sukari kwa oksijeni ili nguvu ile itoke. Mlinzi wa shule akaja mlangoni. Akasema ng'ombe wa mama wanakufa.

Nilikuta watatu wamelala kando ya bwawa. Wa nne alikuwa amepiga magoti, mdomo wazi, anahema kwa nguvu, majani mabichi yamemning'inia mdomoni. Jirani mwingine alimchinja kumpunguzia mateso. Damu ikaruka nyekundu, ya kung'aa mno.

Hapo nikajua walikuwa wamekunywa maji ya bwawa. Hewa ilikuwa inaingia mapafuni, damu inaibeba hadi kwenye kila seli, lakini sianidi imezizuia seli kuitumia. Oksijeni ilikuwa inarudi vilevile ilivyokwenda, ndiyo maana damu iling'aa. Tumbo lilikuwa limejaa nyasi, na mnyama anakufa kwa kukosa nguvu iliyomo ndani yake mwenyewe.

Nilimwamkia mjane. Aliuliza, "Mwalimu, wewe umesoma. Wameuawa na nini?"

Kaka alikuwa amesimama nyuma yake, ananitazama. Chumba nilicholala kilikuwa chake. Ada ya chuo changu alilipa yeye.

"Ndigana, mayu," nikasema. "Ni kupe."

Mjane akakaa chini. Akasema mara mbili hakuwapeleka joshoni kuogeshwa dawa, kwa sababu mguu ulikuwa unamuuma. Akarudia, mguu ulikuwa unamuuma. Nilisema nyama isiliwe, nikamshika kaka mkono mpaka akakubali wafukiwe wote. Ule ndio ujasiri wote niliokuwa nao.

Kaka alichimba shimo kwa vibarua wake, na siku ileile akaziba ukuta. Kesho yake mjane alikuja na kibuyu cha maziwa mgando, ya mwisho aliyokuwa nayo, kumshukuru kwa shimo. Kaka alikunywa, akafuta mdomo, akamwambia pole.

Jumapili mjane alisimama kanisani kuomba aombewe. Alisema amewaua ng'ombe wa marehemu mumewe kwa uvivu wake. Akina mama walimshika mabega. Mimi nilikuwa benchi la nyuma yake. Mwezi haukuisha akahamia kwa binti yake, Kambarage, mjini Shinyanga, na huko alifariki akiamini hivyo.