Jicho Lililofuata Wino

Mume wangu alikuwa mkata chuma. Katika karakana aliyofanyia kazi, upande wa Kibarani, wachomeleaji walikuwa wengi lakini wakataji walikuwa wawili tu: yeye na rafiki yake, Mgiriama mmoja mcheshi ambaye Jumapili alikuwa mwimbaji wa kwaya kanisani kwao. Kazi yao ilikuwa kukata mabamba ya chuma kwa moto wa gesi, wakatoa maua na majani ya kuchomelewa kwenye mageti na grili za madirisha. Miaka ile ya tisini kila aliyejenga Mombasa alitaka grili, na alitaka maua yake yasifanane na ya jirani.

Mimi nami nilikuwa mtu wa maua, ila yangu yalikuwa ya piko na hina. Nilizaliwa Mji wa Kale, nikafunzwa na shangazi yangu kuchora maharusi, na hata nilipoolewa nikahamia Majengo wateja hawakuniacha.

Jioni moja mume wangu alirudi kutoka kazini, akaketi barazani, chai ikapoa mbele yake.

"Tajiri kaleta mashine," alisema. Tajiri ndivyo walivyomwita mwenye karakana, Mhindi mmoja wa Kibohora, mpole, aliyevaa kofia nyeupe yenye mshono wa dhahabu. "Yakata yenyewe."

"Yenyewe vipi?"

"Ina jicho. Wachora ua kwenye karatasi, waiweka mezani, jicho lafuata wino. Huku pembeni moto wakata chuma vilevile jicho liendavyo."

"Na hapana mtu aishikaye?"

"Hapana. Tajiri aiwasha, kisha asimama mikono nyuma."

Nilijaribu kuliona hilo jicho akilini, nikashindwa. Nikauliza, "Na likikutana na njia mbili, lafuata ipi?"

Alinigeukia. "Mimi nakwambia riziki yangu yaondoka, wewe waniuliza njia mbili!"

Nikaichukua chai yake kwenda kuipasha moto. Lakini swali lilibaki palepale.

Mashine ile ilitoa maua manne kwa mpigo mmoja, yote sawasawa. Haukupita muda rafiki wa mume wangu akaambiwa akapumzike nyumbani, ataitwa kazi ikizidi. Hakuitwa. Mume wangu alibakizwa, kwa kuwa mabamba yalihitaji mtu wa kuyapanga na kuyagonga kutu ya moto yakishakatwa. Wenzake wakamwita mlezi wa mashine. Walikuwa wakitania, lakini siku aliponisimulia hakucheka.

Kisha likaja tatizo ambalo tajiri hakulitarajia. Zamani wakataji walichora kwa chaki juu ya chuma, kila mmoja kwa mkono wake. Sasa mchoro ulitakiwa uwe wa wino, safi, kwenye karatasi, na tajiri alichora mwenyewe kwa rula na bikari. Maua yake yalikuwa kama sahani zilizopangwa. Wateja wakaanza kununa. Ndipo siku moja tajiri akarudi kutoka harusi ya kwao, akamwuliza mume wangu kama amjua mwanamke wa Majengo aliyewachora mikono wanawake wa nyumbani kwake.

Mume wangu hakumjibu siku ile. Alikuja akaniambia mimi kwanza.

"Nikimwambia ni wewe, nitakuwa nailisha ile mashine kwa mkono wa mke wangu," alisema. "Nisipomwambia, wateja watakwisha na sisi sote tutakwenda nyumbani. Wewe wasemaje?"

"Nataka kuiona," nikamwambia.

Akatikisa kichwa, nusu akicheka. "Nilijua."

Nikaenda nimevaa buibui langu, nikakanyaga chuma chakavu na masalia ya fimbo za kuchomelea, mafundi wakinipisha kwa salamu. Mashine ilikuwa kama kitanda kirefu cha chuma. Upande mmoja meza yenye karatasi, upande wa pili bamba, na juu yake mkono mmoja mrefu uliobeba vyote, jicho huku na mabomba ya gesi kule. Jicho lenyewe lilikuwa kijitaa kidogo kama tundu la sindano. Tajiri alipoliwasha, likashika wino, likaanza kutambaa polepole. Nami nikatambaa nalo, nimeinama, hata mume wangu akanivuta bega nisiungue.

Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa mzabibu, kama nilivyozoea kuuzungusha mkononi mwa bi harusi. Jicho lilikwenda vizuri mpaka mahali ambapo jani moja lilikuwa limegusa shina. Hapo likaingia kwenye jani, likalizunguka, likarudi palepale, likalizunguka tena. Jani likakatika likaanguka kwa kishindo, na jicho bado lazunguka, na moto wakata hewa. Tajiri akakimbilia swichi. Mume wangu akaangua kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu mashine ije.

"Haya," akaniambia, "njia mbili zako hizo!"

Tangu siku hiyo tukawa twakaa pamoja mkekani nyumbani, mimi na wino, yeye na chai yake. Alinifundisha mambo ya chuma. Shina jembamba sana hujikunja kwa joto. Kona kali huyeyuka ncha. Nami nilimwonyesha namna ya kuupeleka mstari mmoja ukazaa ua zima bila kuinua mkono. Tulikuwa tumeoana miaka mingi, na hatukuwahi kuulizana kuhusu kazi zetu, zaidi ya umeshindaje.

Siku moja, nikichagua leso Biashara Street, nikasikia naitwa, "Shemeji!" Alikuwa yule rafiki wa mume wangu. Alikuwa amefungua kibanda Majengo, akitengeneza bawaba, majiko na vitanda vilivyolegea. Tukaulizana hali za nyumbani na watoto.

"Nasikia mashine sasa yafuata mkono wako," alisema.

Nikakubali.

"Ukingo wa mkato wake ukoje? Safi?"

"Safi."

"Kushinda wangu?"

Ningeweza kumpooza kwa neno zuri, lakini alikuwa amenitazama kama fundi anayeuliza fundi. "Ndiyo," nikasema. "Lakini maua yote manne ni ua lilelile."

"Mwambie mume wako aje kibandani anieleze lile jicho," alisema. "Yeye hajui kusimulia, lakini nitamkamua."

Alikwenda, akawa haishi kwenda, na baada ya mwaka aliaga karakana wakafanya kazi pamoja. Chumvi ya bahari haikosi kula mageti ya watu, na geti bovu mtu hulipeleka kwa fundi aliye karibu.

Mimi niliendelea kumchorea tajiri hadi muongo ule ulipokaribia kwisha. Kisha akanipelekea ujumbe nifike. Karibu na mashine palikuwa na kompyuta. Aliniambia, kwa haya, kwamba michoro yangu yote imeingizwa humo na karatasi hazihitajiki tena. Akanishukuru sana. Nikamwomba anionyeshe. Akatia ndani yake diski, kijisahani cheusi cha plastiki, na kwenye kioo likatokea ua langu kwa mstari wa kijani, na lile shina ninalolipinda kushoto siku zote bila kujua kwa nini. Akabonyeza, likawa dogo. Akabonyeza tena, likageuka juu chini.

Kutoka hapo sikwenda nyumbani. Nilipitia kibandani, ambako mume wangu na rafiki yake walikuwa wakinyoosha geti lililogongwa na lori. Nikawasimulia. Wakaweka nyundo chini, wakaanza kuniuliza. Ua likigeuzwa, chuma chajuaje? Na ua likipunguzwa, moto nao wapungua? Nani aliyeifundisha hiyo kompyuta? Nilijibu nilichokiweza, na mengine tukayabishania, hata mwenye geti akaja kulichukua akalikuta bado limepinda.