Kifua cha Dada na Unga wa Lenzi

Shemeji yangu tunamwita Msasa, kwa sababu kwa miaka kumi na tisa kazi yake ni moja tu: kusugua lenzi za miwani mpaka zing'ae. Ni mtu wa maneno machache na usafi wa kukera. Ukimkaribisha kiti, kwanza anakipangusa. Dada yangu, mkewe, ndiye aliyemzoesha hivyo, na mimi nimewatania wote wawili tangu siku ya harusi yao.

Kwa hiyo dada alipoanza kukohoa, tulichanganyikiwa. Kikohozi chenyewe kikavu, hakina mafua wala homa, na kiligoma kuondoka. Ikafika mahali akipanda ngazi za kwao anasimama katikati, anajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Alipimwa kifua kikuu mara mbili, hana. Kisha picha ya kifua ikaonyesha vidoa vidogo vimetapakaa mapafu yote mawili, na daktari, mwanamke asiyejua kuzungukazunguka, akatueleza.

"Huyu mama anavuta vumbi. Vumbi gani, sijui. Mkilijua na kulikomesha, kuna matumaini mapafu yatabaki hapa yalipofika. Msipolijua yataendelea kukakamaa, na yakishakakamaa hayarudi kama zamani."

Vumbi! Kwa dada yangu vumbi halipewi hata nafasi ya kutua. Hata hivyo tulirudi nyumbani tukaanza msako. Zulia likatolewa. Mito ya zamani ikatupwa. Mimi nikamshuku jirani anayechoma takataka, nikaenda kumgombeza mlangoni kwake, na wiki iliyofuata ikabidi nirudi kumwomba radhi, maana alikuwa ameshaacha kuchoma na dada bado anakohoa.

Ndipo Msasa akaufikiria unga wa kazini kwake. Ni unga laini sana, rangi yake kama ya chai iliyozidi maziwa, na ndio unaoipa lenzi mng'ao wa mwisho. Wenyewe wanauita unga tu, lakini kwenye ndoo imeandikwa oksidi ya seriamu, na seriamu ni moja ya yale madini wanayoyaita adimu. Alikuja na karatasi ya usalama ambayo huletwa pamoja na ndoo, imekunjwa mara nne, akaitandaza mezani. Tukaisoma vichwa vikigongana.

Ilisema unga hauwaki moto. Ilisema haubabui ngozi. Ilisema mtu akiumeza kidogo, sumu yake ni ndogo. Nikashusha pumzi. Mstari uliofuata ukasema: usivute vumbi lake, fanya kazi ukiwa umeuchanganya na maji, vaa barakoa, usifagie ukiwa mkavu, kwa sababu ukivutwa miaka mingi unaweza kukaa mapafuni na kuyatia makovu.

"Sasa huu unga ni mzuri au mbaya?" Msasa akaniuliza.

"Shemeji, wewe ndiye uliyekaa nao miaka kumi na tisa, unaniuliza mimi ninayeshona mapazia?"

"Lakini mimi sikohoi."

Hilo ndilo lililotuvuruga. Kesho yake na yeye akaenda kupigwa picha, na kifua chake kikatoka kisafi. Daktari alimpa pongezi. Msasa akaipokea bahasha ya picha kama mtu aliyepewa mzigo usio wake, na tulipofika nje akaniambia, "Afadhali vidoa vile ningekuwa navyo mimi." Tuelezeni jamani: mtu anashinda na unga kutwa nzima, mzima wa afya, mkewe haujui hata harufu yake, yuko hoi.

Na ukiangalia kazi yenyewe, huoni kosa. Unga mkavu unachotwa ndani ya kasha lenye feni ya kuvuta vumbi, naye amevaa barakoa. Kutoka hapo ni maji mwanzo mwisho. Unakuwa uji mwepesi, unadondokea kwenye gurudumu, gurudumu linasugua lenzi. Uji haupeperuki. Unaruka matone tu, unamlowesha ovaroli kifuani na mikononi, basi. Jioni ananawa hadi viwikoni, anavua ovaroli, anaikunja vizuri, anaitia kwenye mfuko anarudi nayo nyumbani.

Tulirudi sote watatu kwa daktari, mikono mitupu. Yeye akaweka kalamu chini na kumgeukia dada.

"Mama, nihadithie siku yako. Usiruke kitu."

Dada akaona haya, kama vile kaambiwa aimbe. Akaeleza anavyoamka, anavyopiga deki, anavyopika kwa gesi dirisha likiwa wazi, anavyokwenda sokoni. "Halafu Baba Watoto anarudi, nachukua ovaroli yake naianika."

"Unaifua, halafu unaianika?"

"Hapana, naianika kwanza. Ikiwa mbichi ule unga haukung'utiki. Ukiiloweka nao ndani, maji yote yanakuwa uji, unaganda kwenye mashati ya wanangu. Kwa hiyo naiacha ikauke kau, asubuhi naipeleka kibarazani, naikung'uta na kuipiga ukutani mpaka itoe chote. Ndipo nailoweka." Akatabasamu kidogo. Alikuwa anajivunia, na alikuwa na haki: hakuna fundi pale karakana aliyekuwa na ovaroli safi kama ya mumewe.

Daktari akaichukua tena kalamu yake. "Miaka yote?"

"Tangu anaanza kazi."

"Na unajifunga kitambaa puani?"

Dada akamshangaa kwelikweli. "Kwa nguo ya mume wangu?"

Msasa alikuwa ameinamisha kichwa. Dada akamwangalia yeye, akaniangalia mimi, akamwangalia daktari. "Kwani nimefanya nini?"

"Hujakosea chochote, mama," daktari akasema. "Hukuambiwa." Akatuonya kwamba bado hawezi kuapa, vipimo vingine vitasema zaidi, lakini yaliyokuwa mbele yake yalitosha kuanza leo. Ovaroli isivuke mlango wa karakana tena. Ifuliwe hukohuko, ikiwa bado mbichi. Kibaraza na ukuta vipanguswe kwa kitambaa cha maji, ufagio usiguse. Na dada asiwepo.

Tulipangusa mimi na Msasa, barakoa usoni. Kwa macho ukuta ulikuwa msafi. Kitambaa cha kwanza kikatoka na ile rangi ya chai, cha pili vilevile, cha saba vilevile. Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Karatasi ya usalama ilisema kila kitu, tena kwa herufi kubwa, ila ilikuwa inazungumza na mtu aliyesimama kwenye mashine.

Wiki iliyofuata Msasa alipeleka barua ya daktari kwa mwenye karakana. Nilimsindikiza, maana namjua; angeiweka mezani na kuondoka bila kusema neno. Mwenye karakana aliisoma mara mbili. Si mtu mbaya, naye alichanganyikiwa kama sisi. Akasema sawa, ovaroli zitafuliwa hapo, na kila anayeshika unga atapimwa kifua kila mwaka kwa gharama ya karakana. Akampa Msasa karatasi, kwa kuwa ndiye mkongwe, aorodheshe wanaohusika.

Msasa aliandika taratibu, kwa ule mwandiko wake wa kukandamiza. Walikuwa mafundi saba, naye akiwemo, lakini karatasi ilirudi na majina manane. Mwenye karakana akaweka kidole kwenye la kwanza.

"Hapa umekosea. Huyu si mkeo?"

"Ni yeye."

"Msasa, nakuonea huruma, kweli. Lakini orodha hii ni ya wanaofanya kazi na unga. Mkeo hajawahi hata kukanyaga hapa."

Shemeji yangu, ambaye sijawahi kumsikia akimbishia mtu, alivua miwani yake, akaishika tu mkononi bila kuifuta.

"Hakuwa na haja ya kuja," akasema. "Nilikuwa nampelekea mwenyewe, kila jioni."