Kunywa Wewe Mbele

Mama alikamua kasiksi, pombe yetu ya ndizi, nyumbani kwetu Kadutu tangu kabla sijazaliwa. Wateja walikaa kwenye mabenchi mawili uani, na kila mmoja alipokelewa kwa namna ileile: mama alijaza kikombe, akanywa funda moja, akapangusa ukingo kwa kiganja, kisha akakitoa kwa mikono miwili. Ilikuwa heshima tu. Hakuna aliyeiwazia.

Mwaka niliopata diploma ya Taifa, ile ya kumaliza sekondari, mtoto wa shangazi yangu, mwanaume mwenye mke na watoto wawili, alipita kwetu akitoka kupakia mizigo sokoni Nyawera. Alikunywa, akacheka na baba, akarudi kwake. Baada ya siku tatu alikufa. Daktari alisema ini lilikuwa limeharibika tangu zamani. Shangazi, dada mkubwa wa baba, hakutaka kusikia habari ya ini. Alisimama mbele ya watu kwenye kilio akasema mwanawe amekula karuho, yaani sumu, na kwamba kila mtu anajua alikunywa wapi mara ya mwisho. Kisha akahamia Kamanyola kwa binti yake, na hakukanyaga tena kwetu.

Wateja waliobaki wakaanza kusema kile ambacho hawakuwahi kukisema. Mzee mmoja jirani, aliyekuwa amekunywa kwetu maisha yake yote, alisukuma kikombe kuelekea kwa mama kabla mama hajaonja, akimtaka aanze yeye.

"Maman, kunywa wewe mbele."

Mama alimwangalia, akakichukua kikombe, akakimwaga chini. Tangu siku hiyo hakuonja tena kinywaji cha mtu. "Mwenye kuniogopa aache," aliniambia. "Nikionja sasa, ni kama nakubali kesi." Mabenchi yalibaki matupu. Baba hakuwa upande wa mke wala wa dada yake. Alinyamaza, na ukimya huo ulimzeesha.

Mimi nilikuwa nasoma Kiingereza kwenye chuo cha walimu. Kwa kazi ya kumaliza masomo nilichagua maneno yaliyokufa katika lugha hiyo, na kwenye kamusi kuukuu isiyo na jalada nikakutana na drinkhail. Nilikaa nalo wiki nzima. Zamani sana, Mwingereza akikupa kikombe alikuambia, "Uwe mzima." Wewe ulijibu kwa neno hilo, ambalo maana yake ni: kunywa, uwe mzima. Nusu yake ya pili, ile ya uzima, inasemekana ililetwa na wageni waliovuka bahari kutoka kaskazini. Salamu ya kwanza ilidumu, ikawa hata jina la kinywaji cha Noeli. Jibu likasahaulika. Lakini kilichonishika ni simulizi moja la kale: binti anampelekea mfalme kikombe, mfalme anamjibu kwa neno hilo, na binti ndiye anayekunywa kwanza.

Nilimweleza mama siku hiyohiyo, akiwa anamenya ndizi peke yake.

"Kwa hiyo ule mwenye kupewa ndiye anasema kunywa wewe mbele?" aliuliza.

"Ndiye."

"Na haiko matusi?"

"Hapana, maman. Anamutakia uzima mwenye kutoa."

Aliendelea kumenya. Nilidhani hakunisikia vizuri.

Baba alifariki mwaka uliofuata, msimu wa mvua. Shangazi alifika mchana wa mazishi, amechoka kwa barabara, viatu vimejaa matope. Alikaa kwenye mkeka mbali na mama. Wanawake waligawa kasiksi kwa waliotoka makaburini, na walipomfikia yeye walipita, wakiona haya kumpa pombe ya nyumba aliyoituhumu. Mama aliliona hilo. Alijaza kikombe mwenyewe, akavuka ua, akapiga magoti.

"Mulamu," alisema, yaani wifi. "Uwe muzima."

Shangazi alikitazama kikombe, si mama.

"Kunywa wewe mbele," alisema, kwa sauti ya chini kabisa.

Nilifumba macho. Nilipoyafungua mama alikuwa anakunywa, polepole, machozi yakimtoka bila yeye kuyafuta. Alipangusa ukingo kwa kiganja na kumpa. Shangazi alikishika muda mrefu. Pombe kidogo ikamwagikia kitenge chake. Kisha akanywa, akanywa tena, mpaka mwisho.

Alikaa kwetu wiki mbili, akilala kitanda kimoja na mama. Asubuhi moja, karibu na siku ya kuondoka, tulikuwa watatu uani tukichambua maharage. Mama hakuinua kichwa alipouliza:

"Mutoto wako alianza kuugua lini?"

Shangazi alichambua maharage mengine kabla ya kujibu. "Alikuwa anatapika damu tangu miezi mingi. Alinikataza kusema, hata kwa bibi yake, mama ya watoto wake."

"Ulijua."

"Nilijua. Nilitaka tu kuwe na mutu wa kulaumu."

Nilimwangalia mama nikitegemea ainuke, amfukuze, au alie. Aliendelea kutoa vijiwe kwenye ungo, uso wake mgumu. Kisha akamwambia shangazi asogee upande wake, kivulini, kwa sababu jua lilikuwa limeanza kumfikia.