Swali la Nyanchera Lilivyogeuka Nyasi

Mwezi wa sita mwaka huu nilitolewa ndani ya bunge la kaunti na askari wawili, mmoja kila kwapa, miguu ikining'inia kama ya kuku anayepelekwa sokoni.

Nina miaka sabini na moja. Mara ya mwisho kubebwa hivyo nilikuwa bibi arusi.

Cheka. Cheka sasa hivi, maana huko mbele kicheko kitakukwama.

Kaunti siitaji. Sisi Wagusii tuna mbili tu, Kisii na Nyamira. Chagua ile inayokuudhi zaidi.

Naitwa Bonareri. Nilisoma mpaka darasa la saba, nikaolewa, nikazaa, nikazeeka. Lakini kijijini nina kazi yangu. Mimi ni esigani.

Kama wewe si wa kwetu, esigani ni yule anayetumwa katikati watu wakitaka kuoana. Anaenda kwa ukoo wa kijana, anauliza. Anaenda kwa ukoo wa msichana, anauliza. Kuna wizi? Kuna kifafa? Kuna ugomvi wa zamani? Akileta majibu, ndipo wazee wanaongea habari ya ng'ombe.

Kazi yangu yote ni kuuliza.

Nimeunganisha nyumba thelathini na moja. Mwezi wa tatu nilitumwa kazi ya thelathini na mbili. Binti wa Mheshimiwa Ogoti, mwakilishi wa wadi yetu, alikuwa amempata kijana anaitwa Onsongo. Nikaenda kwa watu wa kijana huko Keumbu. Nikapokelewa na baba yake mdogo, mzee Anyona. Kuku akachinjwa, nikafungiwa leso mpya.

Nikarudi kwa Ogoti nikamwambia, "Ukoo ni safi. Endelea."

Hiyo weka kando kwanza.

Mwanangu Mose alikuwa na mke, Nyanchera. Msichana mwenye mdomo kama wangu. Tulianza kurushiana maneno kabla jua halijatoka.

"Mama, chai yako ni maji ya kusuuza vikombe."

"Ndiyo maana nakupa wewe."

Nilimpenda kuliko watoto niliozaa, na nilimwambia hivyo mbele yao.

Mwezi wa nne, Jumamosi, siku yetu ya Sabato, tulikuwa kanisani. Alikuwa na mimba ya miezi tisa. Katikati ya mahubiri akaniinamia.

"Mama, huyu mtoto amechoka na pasta. Anataka kutoka."

Tukatoka. Mwendesha boda boda mmoja akatubeba mimi na yeye mpaka zahanati, Mose akikimbia nyuma na viatu vya kanisa. Saa sita mchana. Jua limewaka, watu wanapita barabarani.

Mlango ulikuwa na kufuli.

Juu ya kufuli, karatasi. Kuanzia mwezi huu zahanati zote zitafunguliwa Jumatatu hadi Ijumaa. Kwa amri ya Waziri wa Afya wa kaunti. Jina hakuna. Saini tu, kama kuku amepita na matope.

Mose akapanda ile boda boda kwenda kutafuta gari. Mimi nikamlaza Nyanchera barazani, nikagonga mlango.

"Gonga tena, mama."

Nikagonga. Nikagonga na jiwe. Nilijua hakuna mtu ndani, lakini yeye alisema gonga, nikagonga.

Mtoto alikuja vibaya. Damu ikaja nyuma yake na haikukata. Nimezalisha mbuzi, nimezalisha ng'ombe, nimesaidia majirani. Siku hiyo mikono yangu haikujua kitu.

"Gonga tena."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Gari lilipofika lilikuta maiti mbili.

Tuliwazika katika sanduku moja.

Kwa mazishi Ogoti alisimama akalia. Si machozi ya kura, nayajua hayo. Alilia kweli. Siku tatu baadaye akaja nyumbani na karatasi, akaketi karibu na Mose.

"Waziri wa Afya ataitwa bungeni mwezi wa sita," akasema. "Mwakilishi akiuliza swali, waziri lazima asimame ajibu. Si kwa hiari yake. Na kila neno linalosemwa mle ndani linaandikwa, linawekwa. Sikilizeni nilivyoandika."

Akasoma. Je, Waziri ana habari kwamba Bi Nyanchera, mke wa Mose, alifariki pamoja na mtoto wake mbele ya mlango wa zahanati uliofungwa kwa kufuli mchana wa Jumamosi? Nani aliamuru ufungwe? Na utafunguliwa lini?

Mose alikuwa hajala kitu tangu kaburini. Akasema, "Soma tena."

Ogoti akasoma tena.

Kuanzia siku hiyo mwanangu alirudia lile swali kama mtoto anayekariri aya ya Sabato. Akichuma chai, anarudia. Akikamua ng'ombe, anarudia. Alianza kula tena. Nikaona, kumbe mtu anaweza kushikiliwa na swali asianguke.

Wiki tatu baada ya mazishi ng'ombe wa mahari ya binti wa Ogoti waliletwa. Mimi sikwenda. Esigani hukaa mbele siku hiyo, lakini nilikuwa na matanga, na nyama ingenikaba.

Siku ya bunge ikafika. Mose alikataa kuja. "Nitasikia kwako," akasema.

Nikaenda mjini kwanza kununua kitambaa cha kichwa. Mahesh wa duka la vitambaa ananijua tangu tukiwa vijana.

"Mama, arusi ya nani leo?"

"Naenda bunge."

"Basi chukua cha rangi nzito. Hakionyeshi uchafu."

Nikachukua cheusi.

Wageni hukaa juu, hawaruhusiwi hata kukohoa kwa nguvu. Chini kuna zulia, viti vya kuzunguka, na rungu la dhahabu wanaloliita siwa. Waziri alikuwa ameketi mbele, mama mrefu mwenye miwani. Spika akamtaja: Waziri Nyanchoka. Nikamtazama kisogo chake mpaka nikadhani atajikuna.

"Mheshimiwa Ogoti, swali lako."

Ogoti akasimama. Hapo ndipo nilipoona kitu.

Hakumtazama waziri. Aligeuza bega, akatia macho kwenye zulia, mikono akaificha nyuma. Ogoti, ambaye huwa ananyooshea hata gavana kidole!

Huo msimamo naujua. Nimeuona katika nyumba thelathini na moja. Mwanamume anasimama hivyo mbele ya mkwe.

"Mheshimiwa Spika," akasema, sauti ndogo kama ya mgonjwa. "Je, Waziri ana habari kwamba nyasi katika zahanati za wadi yangu zimekuwa ndefu? Na ana mpango gani wa kuzikata?"

Nikasubiri aendelee.

Akaketi.

Waziri akasimama. "Mheshimiwa Spika, namshukuru Mheshimiwa Ogoti kwa swali zuri. Nyasi zitakatwa kabla ya mwisho wa mwezi."

Wakapiga meza kwa furaha. Spika akauliza kama kuna swali la nyongeza. Mheshimiwa mmoja, Machogu, akasimama akataka kujua kama mashine ya kukata itakuwa ya petroli au ya mkono.

Ya petroli, waziri akasema.

Sijui nilisimama saa ngapi. Nilijisikia tu nikipiga kelele.

"Nyanchera! Anaitwa Nyanchera! Alikufa mlangoni! Uliza kufuli, Ogoti! Uliza nani alifunga!"

"Mgeni atolewe," Spika akasema.

Askari wakaja. "Shosho, tafadhali, usitupige."

"Sijawapiga. Mkono unatafuta mahali pa kushika."

Wakaniweka nje, karibu na magari. Wakaniletea na maji. Vijana wazuri, nilikuwa nimemwuma mmoja.

Baada ya saa moja Ogoti akatoka.

"Magokoro," akaniita, yaani nyanya.

"Usiniite magokoro. Nyasi?"

"Ningefanya nini?"

"Ungesoma karatasi. Mose anaijua kwa kichwa, wewe unashindwa na macho?"

"Nisome mbele ya yule mama? Nitaje damu, nitaje uzazi, nimtaje mwanamke amelala wazi barazani? Halafu nimwambie ni wewe ulimwua? Kuna chinsoni kati yetu."

Chinsoni ni ile heshima yenye aibu ndani yake, ya wakwe. Mambo ya mwili huyataji mbele ya mkwe. Kumfedhehesha mbele ya watu ndiyo kabisa. Afadhali ukate ulimi.

"Chinsoni gani?" nikasema. "Waziri ni nani kwako?"

Akanitazama kama mtu anayetaka kujua kama namchezea.

"Ni mama ya Onsongo."

Nikafungua kitambaa cha kichwa, nikakifunga tena.

"Siku ya ng'ombe wageni walikuwa wameshaketi. Gari moja likachelewa. Akashuka yeye. Nikawaza, huyu amefuata nini kwangu? Nikaambiwa, huyo ndiye mama ya kijana. Nikaiondoa ile karatasi bungeni kesho yake."

"Si ungempa mwenzako aulize?"

"Nilimwomba Machogu. Alisema hagombani na waziri kwa ajili ya wadi ya mtu mwingine."

"Na binti yako? Hakujua?"

"Alijua. Alificha, maana anajua mimi na serikali ya kaunti hatuivi chungu kimoja. Ningekataa kabla kijana hajavuka geti." Akapangusa uso. "Watoto huficha, magokoro. Ndiyo maana nilikutuma wewe."

Mbele yetu gari la waziri likapita. Ogoti akainamisha kichwa mpaka likamaliza kupita.

"Uliuliza mama yake anafanya kazi gani?"

"Niliuliza."

"Ukaambiwa nini?"

"Anyona alisema yuko mambo ya afya, mjini."

"Nawe ukasema nini?"

Nilikumbuka vizuri sana. Nilisema, "Vizuri, wauguzi ni watu wa huruma." Halafu nikaomba paja la kuku.

Ningeuliza neno moja zaidi, afya gani, Ogoti angekataa ile ndoa mwezi wa tatu. Mwezi wa sita angekuwa mtu huru, kidole hewani, akimwuliza yule mama habari ya kufuli.

Nilifika nyumbani jioni. Mose alikuwa amekaa kwenye gogo, ananingoja. Nilimwambia yote, mpaka paja la kuku. Sikujipunguzia.

Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

"Kwa hivyo jina lake halikutajwa mle ndani."

"Nililitaja mimi. Kwa sauti ya kufika mlimani."

Akainua kichwa. "Basi limeandikwa. Ogoti alisema kila neno linaandikwa."

Wiki iliyofuata akavaa shati la kanisani, tukaenda ofisi ya bunge. Karani, msichana mpole, akatutolea karatasi za siku ile. Mose akafuata mistari kwa kidole. Swali la nyasi, lipo. Jibu, lipo. Mashine ya petroli, ipo.

Kidole kikasimama.

"Mama, ndiyo hii?"

Nikavaa miwani. Neno moja ndani ya mabano. (Kelele.)

"Ndiyo hiyo," nikasema.

Mose akamgeukia karani. "Dada, hii kelele ilisema nini?"

"Kelele huwa haisemi kitu, ndugu yangu," karani akajibu. "Ni kelele tu."

Mose akamrudishia karatasi, akamshukuru. Lile swali hajalirudia tena. Na kula ameacha tena.

Leso ya Keumbu nimeirudisha. Kuku, kwa bahati mbaya, siwezi.

Wewe unayesoma, kama umepewa kazi ya kuuliza, iwe ya mheshimiwa au ya bibi kizee, uliza mpaka waudhike. Ukiambiwa "mambo ya afya", uliza afya gani. Ukiandaliwa kuku, uliza kwanza, kula baadaye. Mimi nilikula kwanza.

Nyasi zilikatwa, tena vizuri. Kufuli bado iko.

Kama una mjamzito pande zetu, mwambie ajitahidi iwe Jumatatu.