Ukumbi Uliolambwa

Mwenyekiti wa chama chetu cha mtaa alikuwa gadi wa treni, na hakujua namna nyingine ya kuongoza watu. Mkutano ulianza kwa filimbi yake. Aliyetaka kusema alingoja bendera ya kijani inyanyuliwe. Aliyesema sana alionyeshwa nyekundu, akakaa, hata kama neno lilikuwa bado kinywani. Jumamosi alasiri, wanaume wakisharudi kutoka karakana na stesheni, filimbi ililia kati ya safu za nyumba za reli, nasi tukatoka na majembe, mafagio na makarai kuzibua mitaro na kufukia mashimo. Wengi wetu tulikuwa watu wa magharibi. Wazazi wetu waliletwa Nakuru na kazi ya reli, na kila mwaka walisema mwaka ujao watarudi nyumbani.

Kazi tuliyojivunia zaidi ilikuwa ukumbi. Tuliujenga wenyewe, kuta za miti na udongo, paa la mapipa ya lami yaliyopasuliwa na kugongwa mpaka yakanyooka. Humo tulicheza dansi ya Krismasi, humo tulifanya matanga, humo tulipokea mashemeji. Miaka ile ya hamsini watu hawakukusanyika ovyo. Ofisi ilitaka kujua nani, wapi na mpaka saa ngapi. Ukumbi wetu ulikuwa na kibali, kwa hiyo hata wale ambao hawakuwa wakisalimiana bombani walilazimika kufurahi pamoja.

Shangazi yangu, dada mdogo wa baba, aliishi nasi. Alikuwa amewakataa wanaume ambao mtaa mzima uliwapenda, yule karani mwenye baiskeli na yule fundi wa injini mwenye gramafoni. Kisha akampenda mkamuaji wa shamba moja la Lanet, kijana mrefu wa jamii ya wafugaji wa nyanda za juu, aliyenukia maziwa na kuja kila Jumapili na chupa imefungwa kwa karatasi, kana kwamba ni dawa. Mtaa ulicheka. Shangazi hakujali, na nadhani alikuwa akinenepa kwa kutojali.

Baba hakukataa. Alisema tu kwamba bila mahari kuonekana hakuna kanisa. Ng'ombe waje waonekane ukumbini, na jioni ile ile wapande behewa la mizigo waende kwa babu huko magharibi, kwa kuwa mtaa wa reli haukuruhusu ng'ombe kulala wala kinyesi chao. Tatizo lilikuwa upande wa pili. Mchumba alikuwa yatima, amelelewa na baba yake mkubwa, na mzee huyo alikuwa ameshatangaza kwamba ng'ombe wa marehemu ndugu yake hawataenda kwa watu wanaoishi katika nyumba zenye namba. Alikubali kuwaleta, lakini kwa kuangalia tu. Sote tulielewa anakuja kutafuta kosa moja zuri, kisha arudi na ng'ombe wake. Na akirudi nao, shangazi angebaki na chupa za maziwa.

Juma la ugeni huo chama kiliamua ukumbi ukandikwe upya. Kukandika ni kazi ya wanawake, na shangazi ndiye aliyekuwa fundi wetu. Kwetu magharibi ukuta haukandikwi ukaachwa hivyo. Unachimba udongo mweupe kando ya mto, unaupaka na kuuchora kwa vidole, na nyumba inatabasamu. Nakuru tulitumia majivu, na majivu yalidumu mpaka upepo wa kwanza. Lakini Jumapili moja, katika matembezi yao, mchumba alikuwa amempitisha shangazi kwenye genge fulani nyuma ya Lanet, mahali ardhi ilipopasuka ikaonyesha tumbo jeupe. Alimweleza habari ndefu juu ya mahali pale. Shangazi alikuwa akiutazama ule weupe, na pia shingo ya msemaji, hivyo maneno hakuyasikia.

Tulikwenda na mkokoteni wa chama, tukachimba, tukasukuma, tukaloweka, tukakanda kwa miguu huku tukiimba. Tuliupaka ukuta wa mbele kwa unene wa mkate, kisha shangazi akachora. Chini alipitisha reli yenye mataruma yake kutoka pembe hadi pembe. Juu ya reli wakatokea ndege wa ziwani, miguu mirefu, shingo zimepinda kama alama za kuuliza. Watu walikuja kutazama kutoka safu za mbali. Midomo yetu ilikuwa na ladha ya chumvi kazi yote ile. Tulidhani ni jasho.

Ijumaa jioni mchumba alipita kuona maandalizi. Nilikuwa nikiosha makarai. Nilimwona akiugusa ukuta, akilamba kidole, akageuza uso kama mtu anayezuia chafya. Shangazi akatoka kumuuliza anacheka nini.

Ndipo akamweleza tena, polepole, ile habari ndefu ya kule gengeni. Udongo ule ulikuwa chumvi ya mifugo. Ng'ombe wa shamba walipelekwa pale kulamba, na wakati mwingine ilibidi wanaume kadhaa kuwaondoa.

"Kesho mfunge hawa ng'ombe mbali," alisema. "Huko kwa bomba. Wakinusa hii, hamna ukuta tena."

Shangazi aliutazama ukuta wake kwa muda mrefu. Nilifikiri atalia.

"Wakianza kulamba, wanaondoka?"

"Mpaka washibe. Hata mimi siwezi kuwatoa."

"Na baba yako mkubwa, anaweza?"

Mimi nilielewa kabla ya mchumba. Yeye alisimama na kofia mkononi, macho yakipanuka kidogo kidogo.

"Lakini picha zako," alisema mwishowe.

"Ng'ombe hafiki juu ya pembe zake," shangazi akasema. "Huko chini nilichora reli tu, na reli tunayo nyingi." Kisha akanigeukia. "Na wewe, mwanangu, kesho ndiwe utakayeonyesha wageni pa kuwafunga. Usikaze kamba."

Walifika Jumamosi mchana, wamevukishwa mji kwa ruhusa ya mpaka machweo. Mzee alitangulia, amevaa koti la jeshi lililomfika magotini, na nyuma yake vijana wawili wakiswaga kundi dogo la ng'ombe wazuri sana, ngozi zikimeta. Alitazama namba za milango yetu moja baada ya nyingine, kama mtu anayesoma makosa. Niliwaongoza vijana mpaka mbele ya ukumbi, nikawaonyesha vigingi nilivyokuwa nimevipigilia mwenyewe, kwa mkono mlegevu.

Wazee waliingia ndani. Baba alizungumza vizuri. Mzee naye akaanza kuhesabu, kwa sauti ya upole, mambo ambayo watu wa reli hawana: hawana malisho, hawana boma, hawana mto, nyumba si zao, hata jogoo wao wanaamshwa na treni. Nilikuwa nimesimama mlangoni na vikombe, na kupitia ukutani niliisikia ile sauti, kwanza moja, kisha nyingi, kama misumeno laini. Ndimi.

Mzee alikuwa amefika kwenye jogoo wakati mwenyekiti, ambaye hakuwa amedhamiria ubaya, alipoona muda wa msemaji umekwisha. Akanyanyua bendera nyekundu.

Mzee aliuliza ile ni nini. Mtu mmoja akamweleza kwamba maana yake ni akae chini. Akaichukua fimbo yake.

"Nimeshaona," alisema. "Ninaenda na ng'ombe zangu."

Uso wa baba ulikunjamana. Shangazi alikuwa amesimama na birika mkononi, na mvuke ulimzunguka. Sote tukamfuata mzee nje.

Ng'ombe walikuwa wamejipanga ukutani kama abiria dirishani kwa karani wa tiketi. Kamba zilikuwa chini. Reli ya shangazi ilikuwa imeshaliwa mpaka kwenye miti. Vijana walipiga miluzi, wakapiga mapaja, kisha wakapiga ng'ombe. Ng'ombe waligeuka hatua chache, wakafikiri, wakarudi. Mwenyekiti, akitaka kurekebisha kosa lake, alipuliza filimbi na kupunga bendera ya kijani. Dume moja lilimtazama kwa jicho moja bila kutoa ulimi ukutani. Nyuma yangu mwanamke fulani aliziba mdomo kwa leso, na leso ikaanza kutetemeka.

Mzee mwenyewe akasogea. Aliita kila mmoja kwa jina, kwa lugha yao, kwa sauti ambayo hakuitumia kwa binadamu yeyote siku ile. Masikio yakacheza, vichwa havikuinuka. Ndipo akaweka kiganja ukutani. Akamega kipande. Akakiweka ulimini.

"Nani ameweka hii?"

"Ni mimi, baba," shangazi alisema.

"Ulijua ni nini?"

Shangazi aliinamisha macho, kama adabu inavyotaka, na kama inavyomfaa mtu asiyependa macho yake yasomwe.

"Nilijua ng'ombe wanakuja."

Mzee alisimama akitafuna kile kipande. Kisha akamgeukia baba. Alisema ameozesha vijana wengi, amepeleka ng'ombe kwa watu wenye malisho na maboma na mito, na hajaona mahali ng'ombe walipowekewa chumvi kabla hawajafika. Akarudi ndani, akakaa, akauliza chai iko wapi. Baba, ambaye hakujua lolote, aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepanga mambo hayo tangu mwezi uliopita. Walikubaliana kabla vikombe havijapoa.

Lakini treni ya mizigo haingoji, na ng'ombe hawakuwa wameshiba. Jua lilikuwa limeanza kushuka. Mzee alisema dawa ni moja tu: wapewe mkononi, watafuata. Mwenyekiti akapinga. Ukuta ni mali ya chama, alisema, na hauwezi kubomolewa bila mkutano. Basi tukafanya mkutano pale pale, tumesimama, na ndio mkutano mfupi kuliko yote niliyohudhuria maishani. Wanaume waliojenga ukumbi ule kwa Jumamosi nyingi wakaanza kuumega kwa majembe, wakitupitishia mabonge, na mara ndege wa ziwani nao wakawa mikononi mwa watu, hapa mguu, hapa shingo.

Shangazi alichukua bonge kubwa kuliko yote akatangulia kuelekea stesheni. Ng'ombe walimfuata katikati ya safu za nyumba, wakimlamba viwiko, gauni lake jipya likiwa jeupe mgongoni kwa mate na udongo. Mchumba alitembea kando, mzee nyuma, akimweleza kila aliyesimama mlangoni kwamba yeye mzee ndiye aliyemchagua binti huyu. Nilikuwa ubavuni kwa shangazi na bonge langu, nikijiuma mdomo mpaka ukauma.

"Usinichekeshe," alisema bila kugeuka. "Nikicheka nitaliangusha."