Kifuu cha Maji ya Sukari

Baba alikuwa mtu wa Moroni, kisiwa cha Ngazidja, lakini aliishi Mutsamudu, kisiwani kwetu, katika nyumba ya mama. Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Mume huingia na nguo zake, na siku akitoka nazo zote majirani hujua ndoa imekwisha, hata kama hakuna aliyetamka neno.

Uani baba aliwalisha chozi, wale ndege wadogo wenye mdomo mwembamba uliopinda. Alining'iniza kifuu kwenye mgomba, akakizungushia kipande chekundu cha shiromani kuukuu, vazi la mama la kujitanda, kwa kuwa chozi hufuata rangi hiyo. Kijiko kimoja cha sukari, vinne vya maji. Kamba aliipaka mafuta ya nazi ili sisimizi wasiteremke. Mimi niliona haya kuzungumza na watu, naye hakunilazimisha. Tulikaa tu, tukiwatazama wakinywa.

Kisiwa chetu kilipotangaza kujitenga na visiwa vingine, vijana walipita kichochoroni wakigonga milango kwa fimbo. "Mngazidja, rudi kwenu!" Mama alikuwa mji wa Patsy, kwenye msiba. Baba akapata nafasi katika boti iliyokuwa ikiondoka mchana uleule. Kwa hofu kwamba nyumba ingevunjwa kwa ajili yake, alisomba nguo zake zote, akazitia katika begi moja, akashuka bandarini watu wakimwona.

"Ndege wasikae na njaa," aliniambia. "Nitarudi mambo yakitulia."

Mama aliporudi alikuta misumari ya nguo mitupu. Nilimpa maneno ya baba. Bibi, mzaa mama, akaguna. "Anayerudi huacha japo kanzu moja."

Kisha boti zikasimamishwa, simu zikakatwa, sukari ikaadimika. Jirani alinichungulia juu ya ukuta.

"Ebo! Sisi tunakunywa chai bila sukari, wewe unakirimu wenye mabawa? Au ndio watakaokuletea baba yako?"

Mama alicheka naye. Halafu akaingia ndani, akatoka na sukari kidogo aliyoifunga kwenye pindo la leso.

"Endelea," alisema.

Ilipokwisha nilikamua muwa, nikachanganya na maji. Chozi hawakuacha kuja.

Boti zilipoanza tena, mama hakuweza kwenda mwenyewe. Angeitwa mwanamke anayemfuata mume aliyemwacha. Akanituma mimi. "Mwambie mlango haujafungwa."

Moroni nilifikia kwa shangazi, dada wa baba. Alinikumbatia, akanipapasa uso.

"Alikuja na nguo zake zote, mwanangu. Alisema hajaachwa, sisi tukadhani anaona aibu. Tungemwacha alale barazani kwangu mpaka lini?"

Walikuwa wamemwoza mke mwingine, kijiji cha Ntsoudjini.

Nilimkuta huko, amenawiri, katika ua wa mwanamke mwenye mimba kubwa. Mwanamke yule alinivutia kiti, akaniletea chai tamu mno, akatuacha. Kwenye mpapai kilining'inia kifuu.

"Chozi wa huku ni wengine kidogo," baba alisema. "Lakini wanakunywa."

Nikamwambia kuhusu mlango.

"Mama yako naye alidhani nimemwacha?"

"Bibi alidhani. Mama alinipa sukari ya ndege."

Akafunika macho kwa kiganja. "Haraka tu, mwanangu. Ilikuwa haraka tu."

Nilitaka kumwambia achukue begi lake twende. Lakini ndani yule mwanamke alikuwa akikohoa, na baba kila mara aligeuka kusikiliza.

"Vijana wale bado wako bandarini kwenu," alisema mwisho. "Na huyu yuko karibu kujifungua. Mwambie mama yako asinisubiri."

Mutsamudu nilimkuta mama akipepeta mchele. Nilimweleza yote, neno kwa neno, kama nilivyoambiwa. Hakuuliza habari za yule mwanamke.

"Baba yako amekonda?"

"Hapana, mama. Hajakonda."

"Alhamdulillahi," alisema, akauinua ungo, akaushikilia hewani bila kuutikisa.